Idi Kubwa: Mpaka Mmoja, Kalenda Mbili

Sisi watu wa Pwani tukitaka kuielewa likizo ya Idi, twende Adungosi, huku Busia, karibu na Malaba. Nilipofika kwa jamaa yangu, nilikuta anaishi kwa kalenda mbili.

Tarehe 1 Juni, Madaraka, ofisi za Kenya zimefungwa na za Uganda zafanya kazi. Tarehe 3 Juni mambo yanageuka: Uganda yapumzika kwa Siku ya Mashahidi, Kenya iko kazini. Krismasi na Idi-ul-Fitri, pande zote mbili hupumzika.

Tofauti inayotugusa ni Idi-ul-Hajj. Uganda, ni sikukuu ya taifa zima kisheria. Kenya, Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inaigawa: Idi-ul-Fitri ni ya kila mtu, lakini Idi Kubwa imewekwa kwa Waislamu peke yao, kama Diwali kwa Wahindu. Ikiwa ni ya wote, ni kwa sababu waziri ametangaza katika Gazeti Rasmi.

Kwa hivyo, Mwislamu anayeajiriwa ana haki ya siku hiyo hata bila tangazo. Wengi hawajui, wanaomba ruhusa kama fadhila. Jamaa yangu aliniuliza, "Kaka, mbona ng'ambo ya pili hawangoji tangazo?" Sikuwa na jibu. Wabunge wetu wanalo: waihamishe Idi Kubwa hadi orodha ya wote.