Waya ukutani: ulipie nini kabla ya kutoboa

Nyumba ikishapigwa lipu, skimu na rangi, waya zake hazionekani tena, na mara nyingi hata fundi aliyezipitisha hapatikani. Mwenye nyumba hugundua kwamba hana mchoro wowote siku ile anayotaka kutundika televisheni, kufunga hita ya maji bafuni au kuweka makabati jikoni. Akienda Kariakoo atakuta kifaa cha kila bei, kuanzia elfu chache hadi laki kadhaa. Wengi hununua kisichowafaa, kwa sababu wanaanza dukani kabla hawajapanda darini.

Kupanda darini hakugharimu shilingi. Katika nyumba nyingi za chini, waya hupita juu ya dari ndani ya paipu za plastiki, kisha hushuka ukutani kufuata swichi na soketi. Zima meni swichi, fungua kile kimlango cha dari, mulika juu ya ukuta unaotaka kutoboa na utaona paipu zinapoingia. Pima umbali kutoka kona kwa futi kamba, shuka, uweke alama kwa penseli upande wa chumbani. Kisha chukulia kwamba juu na chini ya kila swichi na kila soketi kuna waya, na kwamba kati ya soketi mbili zilizo usawa mmoja kuna waya pia. Fundi anayejua kazi hupitisha wima au mlalo. Kuna waliokata mshazari ili kuokoa paipu, na hao ndio wanaotutia hofu. Dhidi yao lipo jaribio la usiku: zima taa, laza tochi ikigusa ukuta ili mwanga uambae. Mfereji uliozibwa vibaya huonekana kama mstari uliobonyea kidogo au wenye ufa mwembamba.

Kwenye ghorofa mambo ni magumu zaidi. Paipu zililazwa kabla ya zege kumwagwa, na hakuna dari ya kuchungulia. Hapo ndipo fedha inaanza kuwa na maana.

Testa ya bisibisi usiihesabu kabisa, kwa kuwa lazima iguse waya. Kalamu ya kupima bila kugusa, ambayo kwa kawaida huuzwa kama Sh10,000 hadi Sh30,000, inavutia zaidi, lakini nyuma ya lipu na paipu hubahatisha: mara inalia ukuta mzima, mara iko kimya juu ya waya wenyewe. Inunue kwa kazi yake halisi, yaani kuhakikisha kwenye soketi kwamba umeme umezimika kweli. Ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, ndipo uiamini pale inaponyamaza.

Kipimo cha ukuta ndicho kilichotengenezwa kwa kazi hii. Bosch GMS 120, kwa mfano, mtengenezaji anasema hutambua waya wenye umeme hadi kina cha milimita 50, shaba hadi 80 na chuma hadi 120. Nje huuzwa takriban dola 100, yaani kama Sh250,000 kabla ya usafiri na ushuru. Viko vya bei ya chini sana, na kwa ukuta mkavu wa tofali vingine vinasaidia, ila kosa la sentimita tatu ndilo linalotofautisha tundu salama na waya uliotobolewa.

Hata hicho cha bei kubwa kina upofu wake, na muuzaji hatakueleza. Kinapotafuta waya wenye umeme, hufuata uga wa umeme unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Umeme ukiwa umekatika mtaani, uga haupo, na ukuta wote utaonekana salama. Waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa nao haujulikani taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo washa taa zote kabla ya kupima. Ukuta wenye unyevu, kama wa bafuni au uliopigwa lipu juzi, husambaza uga hadi kifaa kilie kila mahali. Na kwenye nguzo na lenta, nondo hukichanganya.

Ukiwa na hitilafu, tuseme soketi imekufa na hujui waya umekatikia wapi, usinunue chochote; lipa fundi mwenye kifaa cha kufuatilia waya. Huzima umeme, hufungua soketi, hubana kisambaza mawimbi kwenye waya, kisha hutembeza kipokezi ukutani. Mlio unapofifia ghafla, hapo ndipo pa kuchunguza. Kabla ya kukubaliana bei, muulize kama ana leseni ya EWURA na kama kifaa hicho anacho au atapasua ukuta. Swali la pili lina fedha nyingi ndani yake. Akipasua, utalipa saruji, skimu na rangi ya ukuta mzima, kwa sababu kiraka cha rangi mpya hakifanani na rangi ya zamani. Na vigae vikiwa vya toleo lililokwisha sokoni, huenda ukabandua ukuta wote.

Kwa televisheni moja, basi, mimi nisingenunua kipimo. Ningepanda darini, ningezima meni, na ningeazima drili ya betri. Nyumba yenye sola au inveta lazima izimwe huko pia, maana meni pekee huenda isitoshe. Anayefunga viyoyozi na makabati vyumba vyote, au mwenye nyumba kadhaa za kupangisha, kipimo kizuri kitamlipa. Baada ya kutundika chochote cha chuma, washa umeme na upime chuma hicho kwa kalamu kabla ya kukishika: skrubu inaweza kugusa waya moto bila breka kukata, na bracketi ya televisheni ikabaki na volti 230.

Anayejenga sasa ana njia ya bei nafuu kuliko zote. Kabla lipu haijapigwa, piga picha kila ukuta huku futi kamba ikionekana kutoka kona na kutoka sakafuni, uzitume kwenye barua pepe yako, kwani simu hupotea, na nakala umpe kila fundi atakayekuja na drili.