Kuvimba kwa utando wa tumbo: Tembe za kutuliza asidi pekee hazitoshi

MAUMIVU ya kuchoma chini ya kifua, kichefuchefu na tumbo kujaa upesi baada ya kula ni dalili ambazo wengi huzikabili kwa kununua tembe za kutuliza asidi. Nafuu hupatikana, lakini baada ya majuma machache maumivu hurejea.

Wagonjwa wengi huamini kwamba wana vidonda vya tumbo. Hata hivyo, si kila maumivu ya aina hiyo ni kidonda. Huenda utando wa ndani wa tumbo umevimba tu, hali ambayo madaktari huiita gastritisi. Uvimbe huo ukidumu kwa miezi au miaka, huwa ni maradhi sugu. Baadhi ya wanaougua hawaonyeshi dalili yoyote.

Kwa muda mrefu lawama zilitupiwa pilipili na wingi wa mawazo. Mtazamo huo ulianza kubadilika mnamo 1982 wakati Barry Marshall na Robin Warren, wa mjini Perth, Australia, walipofaulu kukuza katika maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mnamo 1984, Marshall alikunywa mchanganyiko wenye bakteria hao, na siku chache baadaye tumbo lake likavimba. Wawili hao walituzwa Nobel ya tiba mwaka wa 2005.

Bakteria hao hutengeneza amonia inayopunguza makali ya asidi inayowazunguka, hivyo huweza kuishi tumboni kwa miaka mingi. Aghalabu mtu huambukizwa akiwa mtoto, hasa katika makazi yenye msongamano na uhaba wa maji safi.

Visababishi vingine ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofen na diclofenac, pamoja na unywaji wa pombe kupita kiasi. Kwa wengine, kinga ya mwili hushambulia tumbo lenyewe. Hao huweza kukosa vitamini B12 na kupungukiwa na damu.

Matibabu

Tiba hutegemea chanzo, ndiposa vipimo ni muhimu. Bakteria hutambuliwa kwa kupima kinyesi au pumzi, au kwa kupitisha kamera tumboni na kutoa kipande kidogo cha utando. Kipimo cha damu hakiaminiki sana kwa sababu huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha kutibiwa.

Anayepatikana na bakteria hupewa dawa ya kupunguza asidi, kama vile omeprazole, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida kwa siku 14. Anayekatiza dozi baada ya kupata nafuu huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Baada ya angalau majuma manne tangu kumaliza dawa, mgonjwa apimwe tena.

Kupuuza maradhi haya ni hatari. Mnamo 1994, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliorodhesha Helicobacter pylori miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, ingawa ni wachache kati ya walioambukizwa ambao hupata saratani ya tumbo.

Anayetapika damu, anayetoa kinyesi cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayetatizika kumeza chakula anafaa kwenda hospitalini bila kuchelewa.