Kibaba cha Mchele

Mtu atokaye Mji Mkongwe akavuka barabara ya Darajani kuingia Mlandege, leo hadhani kuwa amevuka kitu. Daladala zapiga honi, wachuuzi wamepanga nguo zao, basi. Lakini zamani palikuwa na mkono wa bahari hapo, na upande huu wetu ukaitwa Ng'ambo. Jina hilo halikuwa la maji peke yake. Kwa Waingereza, walioshika hatamu tangu mwaka 1890, upande mmoja ulikuwa mji, na wa pili mtaa wa watumishi wa mji.

Mengi yamekwisha andikwa juu ya utawala ule. Mimi napenda kukumbusha jambo dogo, nalo ni kibaba cha mchele.

Mwaka 1942 Wajapani waliitwaa Burma, na mchele uliokuwa ukija kwetu kutoka huko ukakatika. Serikali ikagawa chakula kwa kipimo. Kufanya hivyo wakati wa vita si kosa. Nchi nyingi zilifanya. Kosa lilikuwa katika kipimo chenyewe, kwani hakikutazama wingi wa watoto nyumbani wala uzito wa kazi ya mtu, bali asili yake. Mwarabu na Mhindi walihesabiwa kuwa ndio walaji wa mchele; Mwafrika aliambiwa kuwa chakula chake ni unga wa mahindi na muhogo. Nani aliyemwambia Mwingereza kuwa mtu wa Ng'ambo hali wali? Hamali aliyelibeba gunia mgongoni kutoka bandarini hakuwa na haki ya kilichomo ndani yake, na mpishi aliyepika wali Shangani mchana kutwa alirudi kwake jioni kusonga ugali.

Wala hapakuhitajiwa kiboko wala tusi. Karani alitazama daftari, akaona neno moja, akapima. Pengine karani huyo alikuwa mtu mpole kabisa.

Hata kabla ya vita watu walikuwa wamekwisha tambua kuwa neno lile la daftarini lina bei. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1924 maelfu walijiandikisha kuwa Waswahili. Ilipofika hesabu ya 1931 jina hilo lilikuwa karibu limetoweka. Watu hawakuhama visiwa, walihama jina tu. Wako wanaowacheka kwa hayo. Mimi siwacheki, mwenye watoto wenye njaa hujiita lile jina linaloshibisha.

Huko juu mambo yalikuwa yale yale. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1926, na viti vya raia vikagawanywa kwa asili. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, hakuingia humo mpaka mwaka 1946. Miaka miwili baadaye wafanya kazi wa bandari waliweka zana chini, na mji mzima ukasimama.

Sasa niseme lisilopendwa kusemwa katika kurasa kama hizi. Daftari lile halikuungua lote Januari 1964. Wako waliouawa na waliofukuzwa kwa asili zao, watu wasio na mashamba wala vyeo, wenye vibanda vya kuuzia chumvi na mafuta ya taa. Na mwaka 1970 wasichana wa Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa nchi. Aliyenyimwa mchele jana hakupata kwa hayo ruhusa ya kumpima jirani yake leo.

Wala tusijidanganye kuwa hayo ni ya wazee tu. Mwaka jana mpwa wangu, fundi wa umeme, alitafuta chumba cha kupanga hapa hapa mjini. Kwa simu walikwisha patana kodi. Alipofika na mkoba wake, mwenye nyumba alimtazama kitambo, kisha akamwuliza:

“Kwenu hasa wapi, mwanangu?”

“Makunduchi, mzee.”

“Na kabla ya Makunduchi?”

Kijana hakuwa na jibu, maana babu yake na baba wa babu yake wamezikwa huko. Akaambiwa kuwa, kwa bahati mbaya, chumba kimepata mtu asubuhi ile. Juma la pili nilipita pale mwenyewe. Kufuli lilikuwa bado mlangoni.