Vuli Yetu Ina Bahari Mbili

Kila ikisemwa El Niño inakuja, watu wazima wa Afrika Mashariki hukumbuka vuli ya 1997. Mvua ile ilipitiliza hadi mwanzoni mwa 1998. Barabara na madaraja yalisombwa, na kaskazini-mashariki mwa Kenya homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu.

Chanzo kilikuwa mbali sana. Kwa kawaida pepo za Pasifiki huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi na kuyasukuma maji yenye joto kuelekea Indonesia, kiasi kwamba bahari ya huko huwa juu kwa karibu nusu mita kuliko pwani ya Ecuador. Pwani ya Peru nayo hupandisha maji baridi kutoka kilindini, yenye chakula tele, na dagaa hushamiri. Kila baada ya miaka miwili hadi saba hivi, pepo hizo hulegea, na hapo ndipo El Niño hutokea. Joto hurudi mashariki, mawingu yakalifuata. Peru hufurika na wavuvi wake hukosa dagaa, huku Indonesia ikikauka. Mwaka 1997 misitu yake iliungua mpaka moshi ukatanda Singapore na Malaysia.

Lakini Pasifiki haituamulii peke yake, na hili halisemwi vya kutosha. El Niño ya 2015 ilikuwa kali kama ya 1997, ila gharika iliyohofiwa Kenya haikufika kiwango kile. Kusini mwa Afrika ndiko kulikopigwa na ukame. Vuli ya 2019 hapakuwa na El Niño, na bado tulifurika. Tofauti iko Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Sumatra, mvuke huja kwetu na vuli huzidi. Wanasayansi waliupambanua mwenendo huu mwaka 1999 tu.

Mwaka 2023 mambo hayo mawili yalikutana, kama 1997. Somalia, Kenya na Ethiopia zilifurika, na mwezi Desemba matope ya Mlima Hanang, Tanzania, yalifukia sehemu ya mji wa Katesh na kuua makumi ya watu.

Bahari hubadilika joto polepole, ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania iliweza kutahadharisha tangu Agosti mwaka ule. Basi halmashauri zizibue mitaro Agosti, zisisubiri Novemba, na walio mabondeni waonyeshwe pa kuhamia kabla mvua haijaanza. Nawe msomaji, ukisikia El Niño imetangazwa, uliza pia Bahari ya Hindi inasemaje.