Mikutano ya Wanaoacha Pombe, Kutoka Akron hadi Kimali

Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe ni mkutano wa mara kwa mara wa watu walioshindwa kuimudu pombe, ambao hukaa pamoja bila daktari, bila mhubiri na bila kiingilio, ili aliyekaa miaka kumi bila kunywa na aliyelewa jana usiku wasikilizane. Mfano mashuhuri ni ushirika ujulikanao kwa kifupisho cha AA, yaani walevi wasiotajwa majina, ulioasisiwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, na Bill Wilson, dalali wa hisa, pamoja na Bob Smith, daktari wa upasuaji, ambao wote wawili pombe ilikuwa imewavurugia kazi na nyumba.

Kwa mkazi wa Kimali, mkoani Simiyu, jambo hilo linaweza kuonekana la mbali, lakini tatizo lenyewe analijua vizuri. Katika maisha ya Usukuma, pombe imeshikamana na ujirani: hunywewa baada ya kulima kwa ushirika, hunywewa arusini, hunywewa siku ya mnada, na fedha za pamba zikishalipwa vilabu hujaa. Kwa sababu hiyo anayeacha kunywa hupoteza pia wenzake wa jioni, na hasara hiyo ndiyo humrudisha kilabuni upesi kuliko kiu. Mawaidha hakosi, kwa maana huyapata kwa mkewe, kwa wazee na kanisani au msikitini. Amri za serikali nazo zipo, kwani viroba, yaani pombe kali iliyofungwa katika vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, na gongo inayopikwa kienyeji ni haramu tangu zamani. Anachokosa ni watu wa kukaa nao saa ile kilabu kinapofunguliwa.

Mkutano wenyewe hauna makuu. Viti hupangwa kwa duara, mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye naye ni mlevi aliyeacha, husoma maneno mafupi ya kufungulia, kisha anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza, hukiri kuwa ni mlevi, na kueleza alivyokuwa, kilichotokea na alivyo sasa. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri ambao hakuuomba. Asiyetaka kusema husema jina tu, au hunyamaza, na hahesabiwi kosa. Baada ya saa moja hivi hupitishwa bakuli ambamo mwenye chochote hutia, kwa kuwa AA haipokei misaada ya watu wa nje, kisha huombwa sala fupi na watu huendelea kuzungumza kwa chai. Mgeni huhimizwa kumchagua mlezi, yaani mwanachama mkongwe atakayempitisha katika hatua kumi na mbili za ushirika huo na kumpokelea simu hamu inapomzidi. Hatua hizo humtaja Mungu, lakini kwa namna kila mmoja anavyomfahamu, hivyo Mwislamu na Mkristo hukaa duara moja bila kugombana.

Kanuni ya kutotajana majina ndiyo ngumu kuliko zote kijijini, mahali ambapo hata baiskeli ya mtu hujulikana ni ya nani. Huko siri haiwezi kuwa ya nani alihudhuria, kwa sababu wote watamwona akiingia. Iwe siri ya alichokisema, na anayeivunja asiachwe aendelee kukaa duarani.

Je, mikutano hii inafaa? Uchambuzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2020 na mtandao wa Cochrane, uliojumlisha tafiti 27 na washiriki 10,565, ulionyesha kuwa tiba zinazomwelekeza mgonjwa AA ziliwasaidia watu wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo. Hata hivyo kikundi si hospitali. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kutetemeka na kutokwa jasho katika saa za mwanzo, kisha akapata degedege au kuweweseka hadi kufa. Mtu wa namna hiyo aanzie zahanati au kituo cha afya, na akihitaji rufaa, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili.

Kuutafuta mkutano kunahitaji kuuliza, na wa kuulizwa ni mganga wa kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na viongozi wa dini. Nchini Tanzania mikutano ya AA hupatikana zaidi miji mikubwa kama Dar es Salaam na Arusha, na soba hausi za Zanzibar na Bagamoyo, ambazo ni nyumba za kuishi wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, huendesha mikutano ya hatua hizo hizo. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuhudhuria mkutano wa mbali akiwa kwake. Wake na watoto wa walevi nao wana ushirika wao, Al-Anon, ulioanza mwaka 1951, na haungoji mlevi akubali kuacha.

AA haidai jengo, usajili wala kibali cha makao makuu ili kikundi kianze, na sharti la mwanachama ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Wawili wanaotaka kuacha wakikubaliana mahali, siku na saa, na saa hiyo ikawa ile ya mnada, Kimali itakuwa na mkutano wake.