Mtumishi Asiyelala: Kompyuta ya Bei Nafuu Kugeuzwa Seva ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za kambini na mjini siku hizi huonekana kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafu kazi ya ofisini. Imenunuliwa kwa bei nafuu kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika. Watoto huitumia kwa saa moja au mbili jioni, kisha huzimwa na kufunikwa kitambaa. Ni wachache wanaofahamu kwamba mashine hiyo hiyo yaweza kuwekwa kazini usiku na mchana, ikawa mtunzaji wa hati, picha na vitabu vya jamaa nzima. Kompyuta inayokaa macho namna hiyo, ikisubiri kuombwa na simu au kompyuta nyingine iliyomo nyumbani, huitwa seva, maana yake mhudumu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamaa za askari. Baba au mama aweza kuhamishwa wilaya kwa taarifa fupi, au kupelekwa nje ya mipaka, kama majeshi ya Uganda yalivyopelekwa Somalia kuanzia mwaka 2007. Katika kuhamahama huko simu hupotea na masanduku hulowa mvua, na pamoja navyo huenda vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ripoti za shule, cheti cha ndoa na picha za marehemu. Siku mjane anapoulizwa namba ya cheti fulani ili apate haki za mumewe, ndipo thamani ya karatasi iliyopotea inapotambulikana. Ni kweli kwamba picha ya cheti haishiki nafasi ya cheti chenyewe. Lakini namba, tarehe na jina la ofisi iliyokitoa huonekana humo, na kwa hayo mtu hupata pa kuanzia anapoomba kingine.

FUNZO KUTOKA KWA WALIOTANGULIA

Mwaka 1990, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na mji wa Geneva, aliweka seva ya kwanza ya wavuti juu ya meza yake. Mashine yake haikuwa ya bei ndogo, lakini adui wake mkubwa alikuwa yule yule anayepatikana katika nyumba zetu: mkono wa mtu anayezima chombo asichokijua kazi yake. Basi alibandika karatasi yenye maneno ya wino mwekundu, akionya kwamba mashine ile ni seva na isizimwe. Kila nyumba yenye seva na ifanye vivyo hivyo.

Funzo la pili latoka Marekani. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walipoanza kazi iliyozaa kampuni ya Google mwaka 1998, hawakuwa na fedha za kununua mitambo ya fahari. Walikusanya kompyuta za kawaida, na baadhi ya diski zao wakazipanga ndani ya sanduku lililojengwa kwa matofali ya plastiki ya kuchezea watoto. Kufikia mwaka 2003 wahandisi wa kampuni hiyo waliandika kwamba walikuwa na kompyuta zaidi ya 15,000 za daraja la kawaida. Yafaa ieleweke kwamba hawakudhani mashine za bei nafuu haziharibiki. Walijua kuwa zitaharibika, wakapanga kazi ili moja ikianguka, nyingine iwe na nakala ya yale yale. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mwenye mashine moja tu asiisahau kamwe.

GHARAMA YA KUKESHA

Bei ya dukani hulipwa mara moja, bali umeme hulipwa kila siku. Kompyuta kubwa ya zamani, hata ikiwa imekaa bila kazi, huweza kula wati 60. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hutumia yuniti 43.2. Kompyuta ndogo ya ofisini, ya aina ile nyembamba, huweza kukaa kwenye wati 15, nayo hutumia yuniti 10.8 kwa muda huo huo. Msomaji na azidishe hesabu hizo kwa bei ya yuniti moja kama ilivyo kwenye risiti yake ya Yaka, ndipo ataona kwamba mashine inayouzwa rahisi zaidi sokoni huenda ikawa ghali zaidi kabla mwaka haujaisha. Kwa hesabu ya haraka, kila wati moja inayowaka mfululizo ni yuniti 8.76 kwa mwaka.

Wenye umeme wa jua wana sababu kubwa zaidi ya kupima. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na kwa zile za risasi na asidi haifai kutumia zaidi ya nusu. Wati-saa 600 zitaendesha mashine ya wati 60 kwa saa 10 tu. Ile ya wati 15 itakesha hadi siku ya pili, kabla ya kuhesabu kinachopotea katika inverta. Asiye na haja ya kompyuta kamili aweza kutumia kibao kidogo kama Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa huko Uingereza mwaka 2012, ambacho hutumia wati chache tu.

KUICHAGUA NA KUIWEKA

Kabla ya kulipa, omba ifunguliwe ubavu. Tazama vile vikopo vidogo vya mviringo vilivyosimama kwenye ubao mkuu, viitwavyo kapasita: vikivimba kichwani au kuvuja, iache mashine hiyo. Ugonjwa huo uliziharibu kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sikiliza feni, kwa maana feni inayolia itasimama siku moja usiku, wakati wote wamelala. Badilisha pia kile kibetri cha duara kinachotunza saa ya mashine. Bei yake ni ndogo, nacho kikifa tarehe hupotea na mambo mengine huvurugika.

Nyumbani, mashine isiwekwe sakafuni, chini ya kitanda, wala karibu na sigiri. Vumbi, moshi na majivu huziba matundu ya hewa, na joto ndilo linalofupisha maisha ya diski. Akina mama wapendao kupamba nyumba kwa vitambaa vya kufuma tunawaomba wakiache chombo hiki wazi. Aidha, mende na mijusi hupenda joto lake. Kila baada ya miezi mitatu izimwe kwa utaratibu, ichomolewe, ifunguliwe na kupulizwa vumbi.

Kuhusu programu, kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za bei nafuu hazikubali toleo lililofuata. Kwa kazi ya seva, programu huria ya Linux, kwa mfano ile iitwayo Debian, hupatikana bila malipo nayo huendeshwa vyema na mashine za zamani. Juu yake huweza kuwekwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, ambayo huhifadhi ensaiklopidia ya Wikipedia ili isomwe bila intaneti. Ile ya Kiingereza pamoja na picha zake huchukua takriban gigabaiti 100. Ikiunganishwa na ruta, watoto wa nyumba kadhaa huweza kusoma kwa simu zao bila kununua data.

UMEME UKIKATIKA

Umeme unapokatika ghafla wakati diski inaandika, hati huweza kuharibika. Dawa yake ni betri ya dharura, ambayo huipa mashine dakika za kujizima kwa heshima. Katika mipangilio ya awali, inayofunguka kwa kubonyeza kitufe maalumu mara mashine inapowashwa, chagua ijiwashe yenyewe umeme urudipo. La sivyo italala mpaka mtu akumbuke kuiamsha. Na kwa kuwa eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, dhoruba ikikaribia izime na uchomoe waya zote, hata ule wa ruta. Saa chache za kulala hazina hasara kama kuungua.

NAKALA NDIYO NGAO

Diski yoyote, iwe mpya au kuukuu, ina siku yake. Kwa sababu hiyo wataalamu husisitiza nakala tatu: zikae katika vifaa vya namna mbili, na moja iwe mbali na nyumba, labda kwa shangazi au babu kijijini. Moto au mwizi akichukua seva, asichukue kumbukumbu zote. Na mara moja kwa mwezi fungua hati moja kutoka kwenye nakala ili uhakikishe kwamba inasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni sawa na bunduki isiyokaguliwa.

Tahadhari ya mwisho ni ya usalama. Seva ya nyumbani itumike ndani ya nyumba. Usiifungulie mlango wa intaneti bila mtaalamu, kwani wabisha hodi wasioalikwa hufika katika muda mfupi. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri. Ratiba za lindo, ramani, picha za kambi na za silaha zisiingie humo hata kidogo, kwa kuwa kompyuta ya familia si kabati ya ofisi ya serikali.

Kwa hakika, askari haachwi lindoni bila wa kumpokea zamu, wala bila mtu wa kumkagua. Kompyuta hii nayo ni mlinzi wa bei nafuu, asiyedai mshahara ila umeme kidogo na usafi. Jamaa na wachague mmoja wao, awe kijana wa sekondari au mama mwenyewe, wampe zamu ya kuitazama na kutunza nakala. Bila zamu hiyo, kitakachobaki siku diski itakapokufa ni sanduku la chuma lenye vumbi. Zamu hiyo ikishikwa, vyeti vya watoto na sura za wazee wetu vitaendelea kuwapo hata mashine yenyewe ikishatupwa.