Mimba ikifika miezi saba, baba naye ajitayarishe

Wamama wa Kolwezi wanajua uzito wa mimba kuliko sisi tunaoandika. Tumbo inakua, nao wanaendelea kuchota maji na kuuza makala sokoni. Lakini miezi mitatu ya mwisho haifanani na ile ya mbele, na katika makartie ya wachimbaji shida tunayoiona ni ile ile: bwana yuko kwenye kariere, bibi anaanza kuumwa usiku, na hakuna mutu aliyepanga kitu.

Kwenye juma la 28 mutoto ana karibu kilo 1. Siku ya kuzaliwa anafika karibu kilo 3. Anatafuta nafasi, basi mama anakosa pumzi, kiungulia kinamuchoma, anakojoa kila saa, mugongo unauma, miguu inavimba jioni. Hayo ni ya kawaida. Alale kwa upande, si kwa mugongo. Tumbo nayo inaweza kukaza kidogo halafu inaachia, akipumzika inapita. Uchungu wenyewe wa kuzala haupiti: unarudi, unakaribiana, unazidi nguvu.

Kuna mambo mengine ambayo si ya kungojea asubuhi. Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza ao nyota-nyota, uso na mikono kuvimba kwa ghafla, maumivu makali chini ya mbavu: hiyo inaweza kuwa tansio imepanda, na nyuma yake kinakuja kifafa cha mimba, kinachoweza kuua mama na mutoto. Wengine wanasema ni uchovu, wengine bulozi. Wakati wanabishana, saa zinapita. Damu kutoka, hata kidogo, hata bila uchungu, ni njia moja tu: materinite. Vilevile maji kupasuka, homa kali, ao mutoto aliyezoea kucheza tumboni akanyamaza.

Tansio haionekani kwa macho, ndiyo maana CPN si ya kuchezea. Tangu 2016 OMS inashauri mama aonwe mara 8, na mara 5 kati ya hizo ni katika miezi hii ya mwisho: juma la 30, 34, 36, 38 na 40. Kule wanapima tansio na mukojo, wanasikiliza moyo wa mutoto, wanaangalia kama amegeuza kichwa chini. Wanatoa pia Fansidar juu ya malaria, mwezi mmoja ao zaidi kati ya dozi na dozi, na vidonge vya kuongeza damu. Mama anayekula pemba kila siku asifiche. Mara nyingi ni damu iliyopungua. Na dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, hapana: inaweza kupasua kizazi.

Sasa wababa. Franga za materinite zitengwe mapema, si siku ya posho ikipita. Namba ya mwenye pikipiki anayekubali kutoka usiku iandikwe ukutani, maana wakati wa mvua njia ya Kapata si ya kujaribu kwa miguu. Jirani ajue nani atabaki na watoto. Ndugu mmoja ao wawili wawe tayari kutoa damu. Ukienda kulala kariere siku tatu, bibi akubaliwe kuondoka bila kungoja ruhusa yako. Hili la ruhusa tunalisema wazi, sababu linachelewesha wengi.

Bado kuna vumbi. Mwaka 2020 gazeti la waganga The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanywa Lubumbashi: kilema cha kuzaliwa kilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya mine. Si kusema kila mutoto wa muchimbaji ataumia, na vilema vingi vinaanza miezi ya kwanza. Lakini vumbi ya mawe haina faida yoyote nyumbani. Oga na badilisha nguo kabla ya kuingia, magunia ya mawe yasilale chumbani, na nguo za kazi, katika miezi hii, fua mwenyewe.